Kutoka Faili hadi Kumbukumbu: Historia ya Utafutaji wa Ruwaza za Matini katika Mstari wa Amri, 1951–2016

IKISIRI

Makala haya yanachunguza historia ya utafutaji wa ruwaza za matini kwa kutumia mstari wa amri, tangu nadharia ya Stephen Kleene ya mwaka 1951 hadi zana zinazotafuta ndani ya mafaili yaliyo chini ya udhibiti wa matoleo. Hoja kuu ni kwamba kilichobadilika zaidi katika kipindi hicho si namna ya kuandika ruwaza, bali upeo wa matini inayotafutwa: kwanza faili moja, kisha saraka nzima, na hatimaye kumbukumbu ya matoleo yote ya mradi. Kila upeo ulipopanuka, maana ya jibu “hakuna” ilibadilika. Kwa kutumia mfano wa hifadhi ya Linux, ambayo kumbukumbu yake katika Git inaanza Aprili 2005, makala yanaonesha kwamba jibu la zana ya utafutaji ni ushahidi wa kihistoria unaopaswa kuhakikiwa kama ushahidi mwingine wowote.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetafuta hutaka kujua mambo mawili: kitu kiko wapi, au kama hakipo kabisa. Jibu la kwanza hujithibitisha lenyewe, kwa kuwa kitu kilichopatikana kinaweza kuoneshwa. Jibu la pili ni gumu zaidi. Kusema kwamba kitu hakipo ni kudai kwamba mahali pote panapohusika pamekaguliwa, na dai hilo hutegemea kujua mipaka ya mahali penyewe.

Katika utafutaji wa matini kwa kompyuta, mipaka hiyo imekuwa ikihama kwa zaidi ya nusu karne. Mtumiaji wa Unix wa mwaka 1973 alitafuta katika mafaili aliyoyataja kwa majina. Mtumiaji wa Git wa leo anaweza kutafuta katika hali ya mradi ilivyokuwa miaka kumi na mitano iliyopita bila kurejesha faili hata moja kwenye saraka yake. Watafiti wa historia ya kompyuta wameandika mengi kuhusu kasi ya zana hizi na kuhusu nadharia iliyo nyuma yake. Makala haya yanajikita katika suala lisilotiliwa mkazo sana, yaani uhusiano kati ya utafutaji na wakati.

Dhana mbili zinahitaji kufafanuliwa mwanzoni. Ruwaza ni maelezo mafupi ya kundi la mifuatano ya herufi. Kwa mfano, ruwaza 19[0-9][0-9] inawakilisha kila mwaka kuanzia 1900 hadi 1999. Udhibiti wa matoleo ni mfumo unaohifadhi kila hali ya mafaili ya mradi iliyowekwa kwenye kumbukumbu, pamoja na jina la aliyefanya badiliko, tarehe yake na maelezo mafupi ya sababu.

2.0 Ruwaza Kabla ya Unix

Asili ya ruwaza haimo katika uhariri wa matini bali katika uchunguzi wa ubongo. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts walipendekeza kielelezo cha kihisabati cha seli za neva. Kleene, mwanamantiki wa Marekani, alikichunguza kielelezo hicho katika ripoti aliyoiandaa kwa shirika la RAND mwaka 1951, ambayo ilichapishwa kwa upana mwaka 1956. Alitaka kujua ni matukio ya aina gani mtandao wa namna hiyo unaweza kuyatambua. Alibaini kwamba matukio hayo yanaweza kuelezwa kwa kanuni tatu tu: kufuatanisha, kuchagua na kurudia. Alama ya nyota inayoashiria urudiaji inabeba jina lake hadi leo.

Hatua ya kuitoa nadharia hiyo kwenye karatasi na kuiingiza katika kazi ya kila siku ilichukuliwa na Ken Thompson. Katika makala yake ya mwaka 1968 iliyochapishwa na jarida la Communications of the ACM, Thompson alieleza namna ya kuigeuza ruwaza kuwa programu ndogo ya lugha ya mashine ya kompyuta ya IBM 7094. Programu hiyo ilisoma matini herufi kwa herufi, ikifuatilia kwa pamoja uwezekano wote uliobaki wazi, hivyo haikulazimika kurudi nyuma ilipokosea njia. Mbinu hiyo iliingizwa katika QED, kihariri cha matini ambacho chanzo chake kilikuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Katika hatua hii utafutaji ulikuwa kazi ndani ya uhariri. Mtumiaji alifungua faili moja, akatafuta, akarekebisha, akafunga. Upeo wa utafutaji ulikuwa faili lililo mbele yake.

3.0 Kuzaliwa kwa grep

Mfumo wa Unix ulipoanza kujengwa katika maabara ya Bell Labs, New Jersey, mwaka 1969, Thompson aliuandikia kihariri kidogo kilichoitwa ed. Kihariri hicho kilikuwa na amri iliyoandikwa g/re/p. Herufi g iliagiza kazi ifanyike katika faili zima, herufi re zilishika mahali pa ruwaza, na herufi p iliagiza kila mstari uliolingana na ruwaza uchapishwe. Jina la zana ya grep ni amri hiyo iliyoondolewa mikwaju.

Kuhusu kilichosababisha amri hiyo itolewe ndani ya ed na kuwa programu inayojitegemea, kumbukumbu za washiriki zinakamilishana bila kufanana. Brian Kernighan amesimulia kuhusu Lee McMahon, mtafiti wa Bell Labs aliyekuwa akichunguza Federalist Papers, insha 85 zilizochapishwa mwaka 1787 na 1788 kwa jina moja la bandia ingawa waliokuwa nyuma yake ni Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. McMahon alitaka kubaini ni nani aliyeandika insha ipi, lakini matini ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa ed katika kompyuta ya PDP-11. Simulizi nyingine inamhusu Doug McIlroy, aliyemwomba Thompson chombo cha kutafutia ndani ya mafaili, na Thompson akamletea programu aliyokuwa amekwisha kujiandikia kwa matumizi yake binafsi.

Simulizi zote mbili zinaelekeza mahali pamoja. Utafutaji ulihitaji kutoka ndani ya kihariri kwa sababu matini ilikuwa imezidi uwezo wa kihariri. Zana ya grep ilionekana katika Toleo la Nne la Unix mwaka 1973, mwaka uleule ambao paipu, yaani njia ya kupeleka matokeo ya programu moja kuwa ingizo la nyingine, zilianza kutumika katika mfumo huo. Kwa hiyo grep haikuhitaji kujua chochote kuhusu chanzo cha matini. Ilipokea mistari, ikaipima, ikapitisha iliyolingana.

Maendeleo yaliyofuata yalihusu zaidi uwezo na kasi. Alfred Aho aliandika egrep, iliyoruhusu ruwaza pana zaidi, na fgrep, iliyotafuta orodha ya maneno kamili kwa algoriti aliyoichapisha pamoja na Margaret Corasick mwaka 1975. Mwaka 1977 Robert Boyer na J Moore walichapisha algoriti inayoruka sehemu za matini ambazo haziwezi kuwa na neno linalotafutwa, na algoriti hiyo ikawa mhimili wa GNU grep iliyoandikwa na Mike Haertel mwishoni mwa miaka ya 1980. Pamoja na mafanikio hayo yote, zana hizi zilibaki na sifa moja ya msingi: zilisoma mafaili kama yalivyo wakati amri inapotolewa. Hazikuwa na dhana ya jana.

4.0 Matoleo: Njia Iliyokwenda Sambamba

Jambo la kuzingatia ni kwamba dhana ya jana ilikuwa ikikuzwa katika taasisi ileile na katika miaka ileile. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alianza kutengeneza SCCS, mfumo wa kwanza wa udhibiti wa matoleo uliopata matumizi mapana, na akaueleza katika makala ya kitaaluma ya mwaka 1975. Hivyo SCCS na grep ni ndugu wa nyumba moja waliopishana kwa takriban mwaka mmoja. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya miaka thelathini kabla ya kazi zao kuunganishwa katika amri moja.

Sababu ya kuchelewa huko ni muundo wa hifadhi. SCCS ilisuka mistari ya matoleo yote ndani ya faili moja, ikiitenganisha kwa alama za kuonesha mstari upi uliingia lini na kuondolewa lini. Mtu aliyeelekeza grep kwenye faili la namna hiyo alipata mistari hai na mistari iliyofutwa kwa pamoja, bila kuambiwa ipi ni ipi. RCS, iliyotengenezwa na Walter Tichy katika Chuo Kikuu cha Purdue na kuelezwa mwaka 1982, ilihifadhi toleo la mwisho likiwa zima na matoleo ya awali kama maelekezo ya kurudi nyuma. Hapa pia grep ilisoma vipande vya zamani bila kuvielewa. Ili kutafuta kwa usahihi katika toleo la zamani, mtumiaji alilazimika kulitoa kwanza kwenye hifadhi, na kurudia hatua hiyo kwa kila faili.

CVS, iliyoanzishwa na Dick Grune mwaka 1986 huko Amsterdam juu ya msingi wa RCS, iliwezesha kundi la watu kushirikiana, lakini katika matumizi yaliyoenea hifadhi ilikaa kwenye seva na mtumiaji akabaki na nakala ya sasa tu. Subversion, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2000, iliongeza tatizo dogo linaloeleza hali ilivyokuwa. Katika matoleo yake ya awali kila saraka ya mtumiaji ilikuwa na saraka fiche ya .svn yenye nakala safi ya kila faili. Aliyetumia grep kutafuta katika saraka zote za mradi alipata jibu lilelile mara mbili, moja kutoka kwenye faili lenyewe na jingine kutoka kwenye nakala fiche. Si ajabu kwamba zana ya ack, iliyoandikwa na Andy Lester mwaka 2005, ilijengwa ili iziruke saraka za mifumo hiyo bila kuambiwa. Udhibiti wa matoleo, machoni pa mtafutaji, ulikuwa takataka ya kuchuja na si chanzo cha maarifa.

5.0 Git na Kuunganishwa kwa Njia Mbili

Git ilizaliwa Aprili 2005, baada ya ruhusa ya kutumia bila malipo mfumo wa BitKeeper, ambao watengenezaji wa Linux walikuwa wakiutumia tangu 2002, kuondolewa. Linus Torvalds aliandika msingi wake kwa siku chache, na kufikia katikati ya mwaka huohuo usimamizi wa mradi ukawa mikononi mwa Junio Hamano.

Kwa mtazamo wa makala haya, uamuzi muhimu ulikuwa namna ya kuhifadhi. Kimantiki, kila hali ya kila faili katika Git ni kitu kizima kinachotambulishwa kwa herufi na tarakimu 40 zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo. Kila toleo la mradi huelekeza kwenye mti wa vitu hivyo. Ubanaji wa data hufanyika chini ya tabaka hilo, na programu inayosoma haihitaji kuujua. Matokeo yake ni kwamba toleo la jana linasomeka kwa urahisi uleule kama toleo la leo.

Amri ya git grep ilianza mwaka 2005 ikiwa skripti fupi. Iliiuliza Git orodha ya mafaili yanayofuatiliwa, kisha ikayakabidhi kwa grep ya kawaida. Hata katika hali hiyo ilikuwa na faida: mafaili yatokanayo na ujenzi wa programu, ambayo hayamo katika orodha, hayakuguswa, na hapakuwa na haja ya kupekua saraka moja baada ya nyingine. Mwaka 2006 amri hiyo iliandikwa upya kwa lugha ya C ndani ya Git yenyewe, na hapo ndipo upeo wake ulipopanuka kwa kweli. Sasa iliweza kusoma vitu moja kwa moja kutoka kwenye hifadhi.

Hivyo mtumiaji alipata maswali matatu tofauti kwa ruwaza moja. Amri git grep ikifuatwa na ruwaza pekee hutafuta katika mafaili yanayofuatiliwa kama yalivyo kwenye saraka ya kazi. Ikiongezwa --cached, hutafuta katika yale yaliyoandaliwa kwa ajili ya toleo lijalo. Ikitajiwa jina la toleo, kwa mfano v2.6.12, hutafuta katika mradi ulivyokuwa siku ya toleo hilo, na kila mstari wa jibu hutanguliwa na jina la toleo husika. Kwa mara ya kwanza, wakati ulikuwa sehemu ya swali na sehemu ya jibu.

Sambamba na hiyo ilikuwapo git log -S, ambayo haitafuti mahali mfuatano wa herufi ulipo bali matoleo ambamo idadi ya kutokea kwake katika faili ilibadilika, yaani pale ulipoingia au kutoka. Chaguo la -G, lililoongezwa baadaye, huonesha kila badiliko lenye mstari unaolingana na ruwaza. Tofauti hiyo ina uzito: mstari uliohamishwa kutoka juu hadi chini ya faili lilelile hauonekani kwa -S, kwa kuwa idadi haikubadilika, lakini huonekana kwa -G.

6.0 Maana ya Kutopatikana

Uzito wa suala hili haukuwa wa kinadharia kwa watengenezaji wa Linux. Machi 2003 kampuni ya SCO Group ilifungua kesi dhidi ya IBM, na katika mgogoro huo ikadai kwamba msimbo wa Unix ulikuwa umeingizwa katika Linux. Ghafla swali la nani aliandika mstari upi na lini likawa swali la mahakamani. Mwaka 2004 mradi ulianza utaratibu wa kuambatanisha na kila badiliko tamko la mwandishi kuhusu haki yake ya kulitoa. Ni swali lilelile lililomsumbua McMahon alipozichunguza insha za karne ya 18, isipokuwa sasa matini ilikuwa programu na waandishi walikuwa maelfu.

Mtu angetarajia kwamba hifadhi ya Git ya Linux ingekuwa jibu kamili la swali hilo. Haikuwa hivyo. Hifadhi hiyo inaanza tarehe 16 Aprili 2005 kwa toleo la majaribio la 2.6.12-rc2. Katika maelezo ya toleo hilo la kwanza, Torvalds alieleza kwamba hakuingiza kumbukumbu yote ya nyuma ingawa ilikuwapo, kwa kuwa ingefikia gigabaiti 3.2. Linux yenyewe ilianza 1991. Kwa hiyo takriban miaka 14 ya mwanzo haimo katika hifadhi kuu.

Athari yake kwa mtafiti ni ya moja kwa moja. Akiuliza kwa git log -S ni lini mstari fulani wa zamani uliingia, anaweza kujibiwa: 16 Aprili 2005. Akiuliza kwa git blame ni nani aliyeuandika, jina la Torvalds litajitokeza hata kama mwandishi halisi ni mwingine aliyeutoa mwaka 1996. Zana haisemi uongo. Inaripoti kwa usahihi kile kilichomo. Kwa bahati nzuri git blame huweka alama ya ^ mbele ya utambulisho wa toleo lililo kwenye mpaka, ishara kwamba kumbukumbu inaishia hapo na kwamba mstari unaweza kuwa wa kale zaidi. Asiyejua maana ya alama hiyo atauchukua mpaka wa hifadhi kuwa mwanzo wa historia. Kumbukumbu za miaka ya BitKeeper zilihifadhiwa baadaye na Thomas Gleixner katika hifadhi tofauti ya Git, na mtafiti anaweza kuziunganisha na hifadhi kuu. Lakini ni lazima kwanza atambue kwamba kuna pengo.

Mipaka midogo zaidi hutokea kila siku. Amri ya git grep ikitolewa ndani ya saraka ndogo hutafuta kuanzia hapo kwenda chini, si mradi mzima. Mafaili yasiyofuatiliwa hayatazamwi mpaka yaombwe. Nenosiri lililoandikwa kimakosa katika faili na kufutwa kesho yake halitaonekana katika utafutaji wa kawaida, na aliyelifuta anaweza kuamini kwamba limeondoka. Ilhali yeyote mwenye nakala ya hifadhi anaweza kulipata kwa kutafuta katika matoleo ya nyuma. Katika mfano wa kwanza jibu “hakuna” linaficha matini iliyomo katika saraka nyingine. Katika huu wa mwisho linaficha hatari.

Kuna pia mpaka uliomo katika ruwaza yenyewe. Zana hizi hulinganisha herufi, si maana. Lugha ya Kiswahili inaudhihirisha mpaka huo waziwazi, kwa kuwa mzizi wa kitenzi hukaa katikati ya viambishi. Anayetafuta “soma” kwa chaguo la -w, linalodai neno kamili, hatapata “walisomeshwa”. Akilegeza ruwaza na kutafuta “som” peke yake, atapata “walisomeshwa” na “kisomo”, lakini pia atapata “Msomali”. Anayetafuta katika matini za Kiswahili hulazimika kupima kati ya kupata pungufu na kupata ziada, na jibu lake lina maana tu likiambatana na ruwaza iliyolizalisha.

7.0 Baada ya Git

Zana zilizofuata zilichukua sehemu tu ya urithi huo. Programu ya ripgrep, iliyotolewa na Andrew Gallant mwaka 2016, husoma mafaili ya .gitignore na kuruka kila kilichokatazwa humo, hivyo hufuata mipaka iliyowekwa na mradi kuhusu kilicho matini na kisicho matini. Katika misingi yake iliendeleza mkondo ambao Russ Cox aliufufua kwa makala yake ya mwaka 2007, akionesha kwamba mbinu ya Thompson ya 1968 ilikuwa imesahauliwa na lugha nyingi za programu, kwa gharama ya utafutaji unaoweza kukwama kwa baadhi ya ruwaza. Hata hivyo, ripgrep husoma mafaili yaliyopo kwenye saraka. Katika suala la wakati, zana hii mpya zaidi inasimama karibu na grep ya 1973 kuliko na git grep ya 2006. Hili linathibitisha kwamba historia hii si ngazi moja inayopanda, bali ni mikondo miwili, wa kasi na wa kumbukumbu, inayokutana na kuachana.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba grep na udhibiti wa matoleo vilianzia katika taasisi moja mwanzoni mwa miaka ya 1970, vikatenganishwa na muundo wa hifadhi kwa miaka zaidi ya thelathini, na vikakutana katika Git kwa sababu hifadhi hiyo ilifanya kila toleo lisomeke kikamilifu. Kukutana huko kuliongeza wakati katika swali la utafutaji. Pia kulimwongezea mtafiti wajibu. Anayenukuu matokeo ya utafutaji kama ushahidi anapaswa kutaja ruwaza aliyoitumia, toleo alilolitafuta, saraka aliyoanzia na mahali kumbukumbu ya hifadhi inapoanza. Bila mambo hayo manne, jibu la “hakuna” haliwezi kuhakikiwa na msomaji mwingine, na mstari wa mwaka 1996 utaendelea kuhesabiwa kuwa wa 2005.